Siku Mama Alipokwenda Kumsikiliza Baba

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, namsalimu wifi, nawasalimu watoto wote, hata yule wa mwisho anayejificha nyuma ya mlango akisikia sauti yangu kwenye simu. Kifua chako vipi? Wifi aliniambia umekohoa muda mrefu na dawa hutaki kuzisikia. Kichwa ngumu wewe tangu utotoni. Kunywa dawa, baridi ya huko haina mjomba.

Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Mimi sijambo, isipokuwa goti linalonisumbua nikipanda ngazi. Shangazi naye bado anakaa kibarazani akimsema kila anayepita, kwa hiyo jua kwamba ni mzima wa afya.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ningeanza kulia na wewe ungekata ukidhani ni mtandao. Tena haya niliyonayo hayataki haraka. Tafuta mahali utulie, usome taratibu.

Nianze na masikio ya Mama. Najua alikwambia ni nta tu, akasafishwe mambo yaishe. Aliniapisha nisikwambie lolote, nami nikajikaza kisabuni, lakini hukuniita Domo bure. Si nta, kaka. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linakwenda huko huko. Daktari wa masikio alituambia ni umri, na tena zile mashine za kufulia za hospitali alikofanya kazi, zilizokuwa zikimngurumia ujana wake wote. Kile kifaa cha kuvaa sikioni tulimtafutia. Kinampigia mluzi tu, akakitupia kwenye kopo la vifungo.

Kwa hiyo unapompigia simu akakujibu, "Mzima mwanangu, mzima," ujue anabahatisha. Na siku ile ulipompa habari za msiba wa baba mkwe wako, naye akakwambia, "Mungu awazidishie," msimwekee kinyongo. Najua wifi aliumia. Mwombe radhi kwa niaba yetu. Mama alipoweka simu aliniuliza ulikuwa unasema nini, nami nilipomwambia alishika tama pale pale, asile wala asinywe mpaka jioni.

Siku tuliyotoka kwa daktari alisimama nje ya geti, akajifunga mtandio vizuri, akaniambia kwa ile sauti yake ya juu aliyonayo sasa, "Kabla sikio hili halijafunga, nataka nimsikie baba yenu mara moja tu." Nilitazama pembeni. Picha za Baba tunazo hadi za kugombania, lakini sauti yake hatukuwa nayo hata neno moja. Mtu aliyeongea maisha yake yote, na sisi wanawe hakuna aliyefikiria kumwekea akiba ya sauti.

Hapa wasomee watoto, maana babu yao hawakumjua. Zamani ukumbi wa sinema wa mtaani kwetu ulikuwa unaleta filamu za lugha za mbali, na watu hawakuelewa kitu. Babu yenu ndiye aliyekuwa anasimama kando ya pazia jeupe, kipaza sauti mkononi, akiwasemea kwa Kiswahili wale waliomo kwenye picha. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kipaza. Sasa cheka kidogo nawe kaka, maana hili wanao labda hukuwaambia: lugha zile hakujua hata moja. Aliwatazama midomo na macho, akajitungia. Filamu ya vita aliwahi kuigeuza ugomvi wa mashemeji waliogombania kiwanja, na majenerali wote wakawa wajomba wa bibi harusi. Watu walitoka wanajifuta machozi, na wiki iliyofuata wakarudi kuuliza kiwanja kilikwenda kwa nani.

Basi, tukiwa tumekata tamaa, akaja binamu yetu mwalimu, yule binti wa shangazi. Aliingia bila kubisha hodi, viatu mkononi, akasema, "Nimemsikia mjomba." Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa amewapeleka wanafunzi wake kwenye makumbusho ya sinema, kule wanakoonyesha mashine za kale, na katika chumba kimoja akavaa zile spika za masikioni na kukutana na Bwana Kipaza akiongea.

Ndivyo tulivyokuja kujua. Ule ukumbi wetu ulipofungwa na kuwa ghala la magodoro, watoto wa mwenye ukumbi walivigawa vitu vyote vilivyokuwemo kwa makumbusho, na ndani ya vitu hivyo kulikuwa na tepu moja. Mwenye ukumbi alimrekodi Baba siku moja ili Baba akiugua, tepu imshikie zamu. Walijaribu mara moja ikawashinda. Watu walikuwa wamezoea kumpigia kelele Baba naye akawajibu, na tepu haikujibu mtu, basi wakazomea mpaka wakarudishiwa hela zao. Tepu ikatupwa kabatini. Nashukuru sana waliitupa kabatini, wangeweza kuitupa jalalani.

Nilimwandikia Mama kwenye karatasi kwa herufi kubwa: SAUTI YA BABA IPO. Alisoma, akaingia chumbani, akatoka na ile nguo yake ya kijani ya harusi za watu. Nikamwambia leo wamefunga. Akaitundika mlangoni, ikakaa hapo mpaka siku ya kwenda.

Siku hiyo nilikuwa na mori tangu asubuhi. Yule kijana wa dirisha la tiketi alimuuliza Mama kitu huku ameinama kwenye simu yake, Mama akamjibu, "Salama, na wewe?" Kijana akacheka. Nilimpa vidonge vyake, kaka, hata waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakatulia. Mama akanivuta mkono. Hajui nilisema nini, lakini anaijua shingo yangu nikiwa nagomba.

Jumba lenyewe ni la ghorofa, sakafu yake inang'aa, na mashine zimepangwa kuanzia za kale kabisa kuja hizi za siku hizi. Mwanzoni kuna sanduku la bati lenye taa ndani na vipande vya vioo vilivyochorwa. Kuna pipa dogo lenye nyufa, ukilizungusha na kuchungulia unamwona farasi aliyechorwa anakimbia. Mama alilizungusha, akachungulia, akalizungusha tena, wenye watoto wakawa wanamsubiri amalize. Kuna kamera za kuzungusha kwa mkono kama mashine ya kusagia nyama, na projekta ndefu kuliko wewe. Ile ya ukumbi wetu nayo ipo, imefutwa vumbi na kupakwa mafuta. Nilitaka kuigusa, nikaona kamba nikaacha.

Mama alizipita zote kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepita kwenye msiba wa jirani. Macho yake yalikuwa mbele. Kila tukifika mlangoni ananitazama, kama vile anauliza, ni hapa?

Chumba cha sauti kiko mwisho. Kina fundi wake wa mitambo, binti mwembamba mwenye koti la buluu na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Binamu alikuwa ameshamweleza. Alituamkia, akamwekea Mama kiti, akamtazama usoni wakati wa kuongea. Hilo tu lilinifanya nimpende. Wengi huongea na mimi kana kwamba Mama ni mzigo niliobeba.

Kwanza alimwonyesha kipande cha mkanda wa filamu. Akaelekeza kidole pembeni, kwenye mstari mwembamba uliojaa mikunjo midogo, akamwambia polepole kwamba mstari ule ndio sauti. Mwanga wa taa unapita hapo, mashine inaugeuza kuwa maneno na muziki. Mama aliushika mkanda, akauinulia dirishani, akautazama kwa muda.

"Kumbe sauti inaonekana," akasema.

"Kwenye mkanda kama huu, ndiyo mama."

"Na ya mume wangu iko wapi?"

Binti akamletea ile tepu. Ni ukanda wa rangi ya kahawia, laini, umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Mama akaupindua huku na huku, akausogeza karibu na miwani akitafuta mstari. Hakuna mstari. Binti akamwambia kwamba hii ni ya aina nyingine, haionyeshi kitu, ni ya kusikia tu. Mama alimrudishia. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Pale kwenye kabati la vioo inapokaa tepu wameandika maelezo, na mwisho wake wameandika kwamba filamu iliyosimuliwa haijatambuliwa. Binti akatueleza wametafuta sana. Wamechukua filamu za zamani moja baada ya nyingine, wakaziwasha pamoja na tepu waone kama maneno yatafuatana na picha. Hakuna iliyofuatana. Nilimpigia Mama kelele sikioni nikimweleza hayo, na alipoelewa alicheka mpaka akavua miwani.

"Waambie wasijisumbue," akasema. "Filamu hiyo alikuwa nayo mwenyewe kichwani."

Binti naye akacheka. Akasema atalazimika kumweleza mkubwa wake, na hajui aanzie wapi.

Kisha akamvalisha Mama zile spika za masikioni, mimi akanipa nyingine, akaifunga tepu kwenye mashine. Nakwambia ukweli kaka, niliogopa kuliko Mama. Nilikuwa najiuliza, tumemleta huku kote, amevaa nguo yake ya kijani, je asiposikia kitu? Nilitamani tugeuze turudi nyumbani, abaki na hamu yake.

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Kwanza ni mvumo tu. Binti akaongeza sauti, akaongeza tena, mimi ikaniumiza masikio. Mama alikuwa amefumba macho, viganja vimezikandamiza spika. Kisha nikaona kidevu chake kinainuka.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye yeye." Na baada ya kidogo, "Alikuwa na mafua."

Kweli alikuwa na mafua. Na mimi niliyekuwa najidai nakumbuka sauti ya Baba, kumbe niliyoikumbuka ni ile ya mzee mgonjwa kitandani. Hii ilikuwa ya mwanamume mwenye meno yake yote, anayeringa, anayejua ukumbi mzima unamngoja. Alikuwa anamsemea mwanamke mmoja wa kwenye filamu aliyepewa ahadi na tapeli. Watu wakapiga kelele, "Dada, usimwamini huyo!" Baba akawajibu, "Nimemwambia tangu mwanzo, lakini amependa." Ukumbi ukaangua kicheko, na Mama akacheka nao papo hapo, pamoja nao. Hakunitazama mimi kwanza ili ajue wakati wa kucheka, kama anavyofanya siku hizi tukiwa na wageni. Alikuwa anasikia mwenyewe. Moyo wangu ulijaa, kaka. Nilikukumbuka, nikasema laiti ungekuwepo umwone.

Yule tapeli akachomoa upanga, na ndugu wa yule mwanamke nao wakachomoa zao. Baba akawa anapandisha sauti, watu wanapiga miguu chini. Halafu akaacha katikati. Akasema, "Ngojeni kidogo, ngojeni jamani."

Nakuandikia alivyosema, maana nimeshaisikiliza tena nikiwa peke yangu ili nisikosee. Alisema, "Mke wangu ni yule pale benchi la pili, karibu na nguzo. Amelala. Amesimama kwenye mashine za hospitali tangu alfajiri, na mimi niliyemwambia aje apumzike hapa ndiye ninayempigia kelele. Msimwamshe. Tuendelee polepole."

Watu wakacheka kidogo, kisha ukasikia wananyamazishana, ushh, ushh, mpaka nyuma kabisa. Mwendesha mashine akapunguza sauti ya filamu. Na Baba akaendelea na vita vile kwa kunong'ona. Panga zinagongana, watu wanaanguka, tapeli anaomba msamaha, yote kwa mnong'ono, na ukumbi mzima uliokuwa ukipiga miguu chini umetulia tuli, kwa ajili ya mama mmoja aliyechoka. Machozi yakaanza kunitoka bila kwikwi. Nilikuwa sijui kama alimpenda hivyo. Nyumbani walikuwa wanagombana kuhusu chumvi.

Ndipo nilipomtazama Mama.

Alikuwa amefumbua macho. Alimtazama binti, akanitazama mimi, akazikandamiza spika mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Imekatika?" akauliza.

Magurudumu yalikuwa yanazunguka, aliyaona. Akayakodolea macho.

"Mbona amenyamaza?"

Binti akanyoosha mkono upesi, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mvumo wa tepu ukapanda nao, ukaumeza mnong'ono, hata mimi sikusikia tena kitu. Akapunguza, akajaribu kibonye kingine, akajaribu tena. Mwisho alinitazama, akatikisa kichwa.

Nikapiga magoti mbele ya Mama ili auone mdomo wangu. Nikamwambia, "Hajanyamaza, Mama. Anaongea. Amekuona umelala, anaongea polepole usije ukaamka."

Hakuelewa. Nikarudia, neno moja moja. Nikalaza shavu kwenye kiganja kumwonyesha usingizi, nikaweka kidole mdomoni, nikamwelekezea yeye. Nikaona inamwingia, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Mwambie nimeamka," akasema.

Alisema kwa ile sauti yake ya juu, watu wa vyumba vingine wakageuka. "Mwambie nimeamka, aongee."

Kaka, nilikuwa nimepiga magoti pale, nimemshika magoti yeye, na sina wa kumwambia. Binti alitugeuzia mgongo, akawa anafuta mashine isiyo na vumbi. Mama hakuzivua spika. Alikaa nazo, macho kwenye magurudumu, akisubiri. Na Baba hakupandisha sauti tena mpaka tepu ikaisha.

Nilimchukua Mama tukarudi nyumbani. Alinishika mkono kwa nguvu kila tulipovuka barabara. Tulipofika aliivua nguo ya kijani, akaikunja, akaingia kulala ingawa ilikuwa mchana. Shangazi aliniuliza imekuwaje, nikaenda kuinjika chai, na kwa mara ya kwanza hakunilazimisha nimjibu. Binti wa makumbusho amesema atajaribu kwa mitambo yake kuutoa ule mnong'ono kwenye mvumo, lakini hakuniahidi. Nami sijamwambia Mama, nisije nikamtia matumaini hewa.

Sikuandikii ili nikuumize. Baba tulimzika hukuwahi, karatasi zako za kusafiria zilikwama, na hakuna aliyekulaumu isipokuwa shangazi, ambaye hulaumu hata mvua. Safari hii ni tofauti, kaka. Safari hii nakwambia mapema. Mama bado anasikia mtu akimkaribia upande wa kulia na kusema kwa nguvu. Mimi bado ananipata. Wiki iliyopita alinipata vizuri kuliko wiki hii. Usitume zawadi, usitume kitu, na hiyo pesa ya kutuma zawadi iweke kwenye nauli yako. Njoo. Njoo umwite Mama wakati bado ataitika.

Mpe wifi pole zangu za msiba, mwambie nitampigia nimpe mwenyewe. Wabusu watoto, huyo wa nyuma ya mlango mara mbili. Shangazi anakusalimu na anasema umenenepa, sijui amekuona wapi. Binamu mwalimu anakusalimu pia. Mama hajui kama naandika. Nimemaliza sasa hivi kumchungulia, amekaa kitandani anakunja nguo.

Mola akulinde, akufungulie njia, na akuharakishe.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,

Domo